Kompyuta ya Nyumbani Isikulemee: Punguza Kwanza, Kuongeza Baadaye

Kompyuta haiwi nzito kwa siku moja. Huanza kwa kuchelewa nusu dakika kuwaka, baadaye dakika mbili, mwishowe watu wote wa nyumbani wanazoea kuiwasha na kwenda kufanya kazi nyingine huku ikijiandaa. Hapo ndipo wengi hukimbilia kuongeza kitu: programu inayoahidi kuiharakisha, antivirusi ya pili, au kununua mashine mpya kabisa. Nimezitunza kompyuta zangu na za ndugu zangu kwa miaka, na mara nyingi mno dawa imekuwa kupunguza. Kinacholemea mashine ni vilivyorundikana: programu zinazojiwasha zenyewe, faili zilizojaza diski, vumbi lililoziba feni. Basi mwongozo huu ni wa kushusha mzigo, hatua kwa hatua. Nimeegemea Windows kwa sababu ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi za nyumbani, ila penye tofauti kubwa nimetaja Mac na Linux, mfumo wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows.

Mara ya kwanza jitengee saa mbili au tatu. Ukishaizoea kazi hii, nusu saa kwa mwezi inatosha.

Hatua ya 1: Nakili kabla hujafuta

Utafuta vitu leo, na mkono huteleza. Tena diski hufa bila kuaga. Kwa hiyo usiguse chochote kabla hujaweka nakala ya vile ambavyo huwezi kuvipata tena: picha, video za watoto, barua, kazi za shule, hesabu za biashara. Programu ziache, hizo unaweza kuzipakua upya.

Kwenye Windows vitu hivyo kwa kawaida viko ndani ya folda yenye jina lako la mtumiaji: Documents, Pictures, Videos, Desktop na Downloads. Chomeka diski ya nje, fungua folda hizo moja baada ya nyingine, nakili kilichomo. Mac ina Time Machine, iliyokuja nayo tangu mwaka 2007, ambayo hufanya kazi hiyo yenyewe ukishaichagulia diski. Windows nayo ina File History, ila lazima uiwashe mwenyewe.

Kuna jambo moja ambalo sichoki kulirudia kwa kila ninayemsaidia: nakala ambayo hujaifungua bado si nakala. Dada yangu alikuwa na flashi aliyoitunza vizuri, amebandika hadi karatasi ya tarehe juu yake. Kompyuta yake ilipokufa tukaichomeka flashi kwenye yangu. Majina yote yalikuwepo, yamepangwa vizuri. Lakini kila ikoni ilikuwa na kishale kidogo kwenye kona ya chini kushoto, na kila faili ilikuwa na kilobaiti mbili tu, wakati picha moja ya simu hufika megabaiti kadhaa. Alichokuwa akinakili kutoka kwenye eneo-kazi ni njia za mkato, yaani vibao vya kuelekeza mahali faili zilipo, na huko zilikokuwa hakukuwepo tena. Tulikaa kimya kwa muda mrefu siku ile.

Kwa hiyo: ukimaliza kunakili, chomeka diski hiyo kwenye kompyuta nyingine, fungua picha tatu na nyaraka mbili kutoka folda tofauti. Zikifunguka, umesalimika. Kisha ichomoe uiweke kando, kwa sababu virusi vya kudai fidia vikiingia hufunga kila diski vinayoikuta imechomekwa, na nakala yako ikiwemo. Watu wa fani hii wana kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Hiyo ya nje inaweza kuwa kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwa ndugu unayemwamini.

Hatua ya 2: Iwashe upya, usiizime tu

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kumekuwa na mpango unaoitwa Fast Startup. Kompyuta nyingi huja nao ukiwa umewashwa. Ukichagua kuzima, Windows hufunga programu zako lakini huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka. Maana yake, hitilafu iliyokuwemo ndani ya kiini hicho jana usiku inaamka nayo asubuhi. Anayezima kompyuta yake kila siku anaweza kukaa mwezi mzima mfumo wake haujaanza upya hata mara moja.

Ukitaka kuhakikisha, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Nenda sehemu ya Performance, gusa CPU, utafute maneno "Up time". Nimewahi kukuta siku 40 kwenye kompyuta ambayo mwenyewe aliapa kwamba huizima kila jioni, na alikuwa akisema kweli.

Chagua Restart angalau mara moja kwa wiki. Nusu ya malalamiko madogo, kama sauti kupotea au printa kugoma, huishia hapo.

Hatua ya 3: Punguza wanaojiwasha wenyewe

Ukiwa bado kwenye Task Manager, fungua sehemu ya Startup. Hiyo ndiyo orodha ya programu zinazoamka pamoja na kompyuta bila kuitwa: za kupiga simu za video, za muziki, za michezo, za printa, na visaidizi vya kila programu uliyowahi kusakinisha. Kila moja inajiona ndiyo ya muhimu.

Pita orodha hiyo ukijiuliza swali moja: je, ninaihitaji hii kabla sijagusa chochote? Kama jibu ni hapana, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, chagua Disable. Hujaifuta. Itafunguka siku utakapoifungua mwenyewe. Acha antivirusi yako, acha vitu vinavyotaja sauti au padi ya kugusa, na kama unatumia hifadhi ya mtandaoni kunakili faili zako, iache nayo. Jina usilolijua litafute kwenye intaneti kabla ya kuligusa. Kwenye Mac nenda kwenye mipangilio, sehemu ya General, halafu Login Items.

Sasa rudi kwenye orodha ya Processes. Gusa kichwa cha safu ya Memory ili walaji wakubwa wapande juu. Mara nyingi wa kwanza atakuwa kivinjari. Funga vichupo ulivyoviacha wazi tangu mwezi jana, kisha fungua ukurasa wa viongezi vya kivinjari uondoe vyote usivyokumbuka kuviweka. Viongezi, yaani programu ndogo zinazobandikwa kwenye kivinjari, vingi hufanya kazi katika kila ukurasa unaofungua, na baadhi yake huanza vizuri kisha huuzwa kwa watu wengine na kugeuka kuwa vya matangazo au vya kupeleleza.

Mwisho wa hatua hii, fungua orodha ya programu zilizosakinishwa, zipange kwa ukubwa, ondoa usizozitumia. Ondoa kupitia mipangilio. Ukifuta folda ya programu kwa mkono, mabaki yake yataendelea kuitafuta.

Hatua ya 4: Ipe diski nafasi ya kupumua

Mfumo unahitaji nafasi tupu ili ufanye kazi: huandika faili za muda, huweka sehemu ya kumbukumbu pale RAM, yaani kumbukumbu ya kazi inayoendelea, inapojaa, hupakua masasisho. Jitahidi asilimia 15 hadi 20 ya diski ibaki wazi. SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na kinachozunguka, ikijaa pomoni hupungua kasi hata kama ni mpya.

Fungua Settings, System, kisha Storage, uone kilichokula nafasi. Washa Storage Sense, nayo itakuwa ikifuta faili za muda yenyewe. Mwaga pipa la taka. Halafu fungua Downloads, ambako nimewahi kukuta faili moja ya usakinishaji imepakuliwa mara sita. Ukikuta folda ya Windows.old yenye gigabaiti nyingi, hayo ni mabaki ya toleo lililotangulia. Kwa kawaida mfumo huyaondoa wenyewe baada ya siku 10, na ukitaka kuwahi pitia sehemu ya faili za muda ndani ya Storage. Ndani ya folda yenyewe ya Windows usifute kitu kwa mkono, hata kiwe kikubwa namna gani. Kwenye Linux za jamii ya Debian na Ubuntu, amri ya `df -h` itakuonyesha nafasi, na `sudo apt autoremove` itaondoa vifurushi visivyotegemewa tena na programu yoyote.

Watu huniuliza sana kuhusu kupanga upya diski, kule kunakoitwa difragi. Jibu linategemea una diski ya aina gani. Diski ngumu ya zamani ni sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku mkono mwembamba ukitafuta vipande vya faili huku na huko, kwa hiyo kuvikusanya pamoja kunasaidia kweli. SSD haina kinachozunguka. Kipande kiwe wapi, hufikiwa kwa kasi ileile, na kukihamisha bure ni kuila tu, maana seli zake zina idadi maalumu ya kuandikwa. Windows ya sasa inazitofautisha: ya kuzunguka huipanga, SSD huitumia amri ya TRIM inayoiambia ni sehemu zipi hazitumiki tena, na hufanya hivyo kila wiki. Kwa hiyo usiweke programu nyingine ya kazi hiyo.

Na hapa niseme wazi kuhusu programu za "kusafisha rejista", yaani daftari la mipangilio ya Windows, na za kutafuta madereva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa kama printa na kadi ya sauti. Sijaona hata moja iliyoifanya kompyuta kuwa nyepesi, lakini nimeona zilizoifanya isiwake. Microsoft wenyewe hawaungi mkono visafishaji vya rejista. Tangazo likikurukia kwenye skrini likidai kompyuta yako ina makosa 800, funga ukurasa huo.

Hatua ya 5: Masasisho, na antivirusi moja tu

Najua masasisho yanakera. Yanakuja wakati una haraka, yanazungusha kiduara, yanawasha upya. Ila fikiria kisa cha WannaCry. Kiraka cha kuziba tundu ambalo kirusi hicho kilipitia kilitolewa Machi 2017. Kirusi chenyewe kilienea Mei 12 mwaka huohuo, karibu miezi miwili baadaye, na kikafunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Kompyuta nyingi zilizodhurika ni zile ambazo hazikuwa zimewekewa kiraka hicho.

Microsoft hutoa viraka vyake vikuu Jumanne ya pili ya kila mwezi. Ukijua hivyo, unaweza kupanga jioni moja katikati ya juma hilo uiache kompyuta ifanye kazi yake. Kivinjari nacho kisasishe, kwa kuwa ndicho mlango wa kila kitu kinachoingia. Madereva yaje kupitia Windows Update au tovuti ya aliyetengeneza kompyuta. BIOS, programu ya ndani inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, iache kama huna tatizo ambalo toleo jipya linasema linalitatua, na kamwe usiisasishe wakati umeme una wasiwasi, maana ukikatika katikati ubao-mama, yaani ubao mkuu wa ndani, unaweza usiwake tena.

Kama bado uko kwenye Windows 10, fahamu kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma Oktoba 14, 2025. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, RAM ya angalau gigabaiti 4, na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iliyomo kwenye orodha ya Microsoft, hivyo mashine nyingi nzima hukataliwa. Iliyokataliwa si lazima uitupe. Linux huziendesha vizuri sana.

Kuhusu antivirusi, moja inatosha. Iliyomo ndani ya Windows inafaa kwa nyumba nyingi. Mbili kwa pamoja zitachunguzana na kugombania kila faili unayofungua, na utafikiri kompyuta imepooza.

Hatua ya 6: Vumbi na joto

Hatua hii watu huiruka, na mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Niliwahi kuletewa laptopu iliyokuwa ikinguruma tangu inapowaka hadi inapozimwa, na baada ya dakika kumi ikawa nzito kama imefungwa jiwe. Mwenyewe alishafuta karibu kila kitu. Nilipofungua kifuniko cha chini, feni ilionekana safi tu. Nikaichomoa kutoka mahali pake, nikatazama kati ya feni na yale mapezi membamba ya shaba yanayotoa joto nje. Palikuwa na ukuta wa vumbi, umeshikana kama kipande cha blanketi, umefunika mapezi yote. Niliushika kwa kibanio ukatoka mzima. Feni ile ilikuwa ikipuliza ukutani miaka yote hiyo.

Prosesa inapokaribia joto lake la mwisho, ambalo kwa nyingi ni karibu nyuzi 100 za Selsiasi, hujipunguzia kasi ili isiungue. Hakuna programu itakayorekebisha hilo. Fanya hivi:

1. Zima kabisa, chomoa waya wa umeme, toa betri kama inatoka. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 15 hivi ili umeme uliobaki ndani uishe.
2. Kabla ya kugusa chochote ndani, shika chuma kisichopakwa rangi ili umeme tuli ulio mwilini mwako uondoke.
3. Izuie feni isizunguke kwa kijiti cha mbao au cha plastiki. Ikipulizwa ikazunguka kwa kasi kuliko inavyostahili, beringi zake huharibika.
4. Tumia mkebe wa hewa iliyoshindiliwa, ukiwa umesimama wima, kwa mipulizo mifupi. Ukiuinamisha hutoa majimaji ya baridi kali. Fanyia nje au dirishani, maana vumbi litaruka.
5. Lililoshikana litoe kwa brashi laini au kibanio. Mashine ya kufyonza vumbi iache, kwa sababu huzalisha umeme tuli.

Kama huna ujasiri wa kufungua laptopu, mpe fundi, ila mwambie aitoe feni, asipulize juu juu. Muulize pia hali ya uji wa joto ulio kati ya prosesa na chuma cha kupoozea, kwa kuwa hukauka baada ya miaka kadhaa. Kwa kila siku, iweke laptopu juu ya kitu kigumu. Kitanda na mto huziba matundu ya chini, na hukusanya nyuzinyuzi zilezile nilizozitoa kwa kibanio.

Skrini ifute kwa kitambaa laini kilicholowanishwa kidogo. Usinyunyizie maji moja kwa moja, wala usitumie dawa za vioo zenye amonia. Kibodi ipindue, itikise, vifute vitufe kwa alkoholi ya isopropili.

Hatua ya 7: Betri na umeme

Betri za lithiamu huchoshwa na joto pamoja na kukaa zimejaa muda wote. Kama laptopu yako iko mezani kwenye chaja siku nzima, angalia kama mtengenezaji ameweka mpangilio wa kuishia kuchaji asilimia 80, uuwashe. Kujua hali ya betri, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, na uandike `powercfg /batteryreport`. Utapewa ukurasa wenye namba mbili: uwezo ilioundwa nao, na uwezo inaoufikia sasa ikijaa. Ya pili ikiwa chini ya nusu ya kwanza, betri inaelekea mwisho. Betri iliyovimba, inayoinua padi ya kugusa au kifuniko, isichajiwe tena hata mara moja. Itoe nyumbani kwa njia salama, usiitoboe.

Kompyuta ya mezani iunganishe kwenye kifaa cha kuzuia umeme unaoruka, au bora UPS, kifaa chenye betri kinachoshika umeme unapokatika, ikupe dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Na ukiona saa ya kompyuta inarudi nyuma kila inapochomolewa, usihangaike na mipangilio. Kuna betri ndogo ya duara ndani, mara nyingi CR2032, imekwisha.

Hatua ya 8: Isikilize diski

Kuna programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo inayosoma taarifa ambazo diski hujiandikia yenyewe. Ikikuonyesha rangi ya njano au nyekundu, nunua diski nyingine wiki hiyohiyo. Kama Windows inaleta makosa ya ajabu lakini diski ni nzima, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike `sfc /scannow`, nayo itachunguza na kurekebisha faili za mfumo. Kwenye Mac, Disk Utility ina First Aid.

Lakini diski ya kuzunguka ikianza kugonga, kile kisauti cha kurudiarudia kama kucha juu ya meza, usiiendeshee programu yoyote ya kuitengeneza. Itakufa katikati ya matibabu. Nakili kilicho muhimu papo hapo, ukianza na usichoweza kukipata tena, kisha izime.

Ratiba yangu

Kila wiki naiwasha upya na kunakili faili mpya. Jumanne ile ya pili ya mwezi naweka masasisho, na siku hiyohiyo napitia Startup, Downloads na nafasi ya diski. Mara mbili kwa mwaka nafungua kifuniko na kutoa vumbi, nasoma afya ya diski, nafungua nakala kadhaa kwenye mashine nyingine. Nyumba yenye paka au vumbi jingi, fungua kifuniko kila baada ya miezi mitatu.

Ikibaki nzito, sasa ongeza

Umepunguza kila kitu na bado inakokota. Rudi Task Manager wakati unafanya kazi zako za kawaida. Kama Memory inakaa juu ya asilimia 85, RAM ni ndogo: gigabaiti 4 hazitoshi tena, 8 ni za kuanzia, na 16 zitakupa raha kwa miaka. Hakikisha kwanza kama mashine yako inakubali kuongezwa, kwa kuwa laptopu nyingi nyembamba RAM zake zimechomelewa kwenye ubao.

Kama kinachogota asilimia 100 ni Disk, na diski yenyewe ni ya kuzunguka, weka SSD. Sijui badiliko jingine linaloifufua kompyuta ya zamani kiasi hicho. Diski ya kuzunguka husoma takriban megabaiti 100 na kitu kwa sekunde, SSD ya SATA, ile inayochomekwa mahali pa diski ya kawaida, hufika karibu 550, na kwenye kutafuta faili ndogondogo, ambayo ndiyo kazi kubwa wakati wa kuwaka, pengo ni kubwa zaidi ya hapo. Nakili mfumo mzima kwenda SSD kwa programu ya kuhamisha diski, badilisha, uwashe. Diski ya zamani usiifute wala usiigeuzie matumizi mengine kwa mwezi mzima. Iweke kwenye mfuko wake, uiandikie tarehe, mpaka uwe umefungua kila folda kwenye mpya na kuona kwamba hakuna kilichobaki nyuma.